Kilichokuwa Nyuma ya Mlango wa Kisimani

Moshi wa korosho ukimpita mtu mwingine puani, atafikiria korosho. Mimi hufikiria mtoto wa Kizungu anayeteremka kisimani. Sina namna ya kuuzuia. Moshi wenyewe mnaujua, ninyi rika langu mliokulia huku kwetu Mtwara: ule mkali unaoshika koo ganda likiwaka kwenye karai la bati, mpaka unalia bila msiba. Ukinifikia, kwanza naona ua wa nyumba yetu Chuno, kisha namwona Bibi na jiwe lake la kubangulia, kisha kitabu, kisha kile kisima. Utaratibu wake haubadiliki. Nimeujaribu mara mbili kuhakikisha.

Kitabu kililetwa na dada Rukia. Yeye ni binti wa mama mkubwa, alikuwa sekondari ya bweni, na likizo ile aliimalizia kwetu kwa sababu gari la kwenda kwao kijijini lilikuwa la kubahatisha. Alishuka na begi la nguo na kitabu kinene cha Kiingereza alichoazimwa na mwalimu wake, kwa sharti kwamba shule zikifunguliwa kirudi, na kirudi safi.

Hilo neno safi ndilo lililozaa mkataba. Alasiri za kwetu zilikuwa za kubangua. Mama alinunua korosho ghafi, tukachoma, tukabangua, akauza mjini na kule getini bandarini, kwa madereva wa malori waliosubiri kupakua. Sasa mafuta ya ganda la korosho hayana urafiki na mtu. Yanaunguza ngozi, yanaacha vidole vyeusi hata ukijipaka majivu. Ukigusa ukurasa kwa vidole vile, umetia saini.

Nikamwambia, "Dada, wewe usibangue. Soma. Fungu lako nabangua mimi."

"Lote?"

"Nusu."

"Basi nasoma nusu ukurasa."

"Haya, lote. Ila unasoma kwa Kiswahili, na huruki."

"Utajuaje kama nimeruka?"

"Naangalia unavyofunua. Unadhani nabangua kwa macho?"

Akacheka, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mbali na karai, tukaanza. Nilikuwa darasa la nne. Kiingereza changu kilitosha kusalimia na kuomba ruhusa ya kwenda nje, kwa hiyo kitabu kile kwangu kilikuwa ghala lenye kufuli, na dada Rukia ndiye mwenye ufunguo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mvulana yatima, analelewa na baba mdogo mchoyo. Siku moja mvulana akaitwa jina na sauti kutoka kisima kikavu nyuma ya nyumba. Akateremka. Chini kule akakuta shule, shule kamili, yenye walimu na kengele na chakula cha mchana, ila somo ni uchawi. Wavulana wakifika wanapewa fimbo, wanapewa jina jipya, na wanakatazwa kabisa wakirudi juu wasiseme walichofundishwa. Na mwisho wa ukumbi wa shule ile kulikuwa na mlango mmoja usiofunguliwa. Ukitega sikio unasikia kitu kinapumua.

Mama alipolisikia neno uchawi alisimama na upawa mkononi. "Wewe Rukia, unawasomea wanangu uchawi ndani ya nyumba yangu?"

"Ni shule, mama mdogo."

"Wazungu wana shule ya uchawi? Na ada wanalipa?"

"Wanalipa."

"Huku kwetu wanajifunza bure na wanafaulu," Mama akasema, akarudi kwenye karai. Baada ya kitambo akauliza bila kugeuka, "Na huko matokeo yanabandikwa ukutani?" Nikajua naye ananunua.

Wasikilizaji tulikuwa Mama, mimi, kaka yangu Dadi aliyenizidi kidogo, na Bibi. Bibi ni mama yake mama yangu. Mjini alikuja kukaa tu. Kazi yake ilikuwa vijijini, na ilikuwa kazi kubwa. Alikuwa kungwi. Msimu wa unyago ukikaribia, wanawake walikuja kumfuata kwa heshima na khanga mpya, maana hakuna aliyewafunda wari, wasichana wa unyago, kama yeye. Kwetu sisi watoto alikuwa bibi wa ugoro na utani. Mimi aliniita mke mwenzangu, Dadi akawa mume wake, na kila chakula kilipopungua alidai mume anampendelea mke mdogo.

Dadi alisikia mwanzo tu wa kitabu. Siku mvulana wa kitabuni alipopewa fimbo, mjomba alikuja kumchukua Dadi kumpeleka jandoni kijijini. Aliondoka asubuhi amenyolewa, anajifanya haogopi. Alasiri ile tulibangua tukiwa tumepungua mmoja, na dada Rukia akasoma jinsi mvulana yule anavyolala usiku wa kwanza mbali na kwao.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya hesabu, na hesabu ikakubali. Wavulana wanachukuliwa kwao. Wanapewa fimbo. Wanapewa jina jipya. Na kwetu ukimwita aliyetoka jando kwa jina lake la utotoni unatozwa kuku. Wakirudi hawasemi. Nikarudia hesabu. Ikakubali tena. Kumbe Wazungu nao wana jando! Wanalifanyia chini ya ardhi, kwa sababu kwao kuna baridi. Na mtu fulani ameliandika lote, kuanzia fimbo hadi mlango, akaliuza.

Nikawa na shauku ya kumjua mtu huyo kuliko kumjua hata mvulana wa kisimani. Niliponawa mikono kwa majivu na sabuni nikakigeuza kitabu. Nyuma kulikuwa na picha ndogo. Mwanamke. Amekaa ngazini, amefunga mdomo, anatabasamu kwa upande mmoja kama mtu aliyepunjwa sokoni akajua, akaamua kunyamaza.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa na habari nzito mno kwa umri wangu. Mwanamke, anatoa siri za jando la wavulana! Kwetu, wakati mapiko wa jando wanacheza na vinyago vyao vya mbao usoni, wanawake tulikimbia na kupiga kelele kama inavyotakiwa, na hakuna aliyeuliza nani yumo ndani. Nikawaza mapiko wa Uingereza wakimfuata yule mama nyumbani kwake, wamevaa nyuso za mbao na makoti ya mvua, wanagonga. Kila asubuhi nilianza kumwamkia pichani. "Shikamoo mama. Bado upo?" Alikuwepo.

Siri ilitoboka yenyewe. Tulikuwa tumefika pale ambapo mvulana wa kisimani ameiba ufunguo, anaelekea kwenye ule mlango. Dada Rukia alisoma polepole makusudi. Bibi, ambaye kwa siku zote zile hakuwa ameuliza lolote juu ya kitabu, akauliza, "Maneno haya anasema nani?"

"Kitabu, Bibi," nikajibu.

"Kitabu hakina mdomo. Nani kasema?"

Dada Rukia akamwonyesha jalada la nyuma. "Huyu mama hapa."

Jiwe la Bibi likasimama hewani. "Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Wavulana wanachukuliwa kwao?"

"Wanachukuliwa, Bibi, lakini ni shule ya..."

"Wanapewa jina?"

"Wanapewa."

"Wanaambiwa wasiseme?"

"Ndiyo."

"Naye anasema."

Dada Rukia akacheka, kisha akaacha alipoona anacheka peke yake. Bibi akaweka jiwe chini, akatoa kikopo cha ugoro, akavuta pua moja, akavuta na ya pili. Alimtazama mwanamke wa pichani kwa muda mrefu, wala si kwa hasira. Alimtazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine ambaye hajui alifundishwa na nani.

"Kwao wanajua kama anasema?" akauliza.

Dada Rukia akafunua jalada kutafuta.

"Funga," Bibi akasema. "Watoto hawajaingia jando wala unyago, msiwamalizie siri za watu."

Kitabu kikafungwa, mkono wa mvulana ukiwa kwenye kitasa. Nawaomba mnielewe. Nilikuwa nimebangua mafungu mawili kila alasiri likizo nzima, vidole vimechubuka, na mali iko mezani na siruhusiwi kuigusa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Kitabu kingeondoka na dada Rukia, na mimi Kiingereza changu cha kuomba ruhusa kingenifikisha wapi? Nilijaribu. Nilifungua ukurasa wa mwisho nikatafuta neno moja nililolijua, la mlango. Lilikuwepo. Yaliyolizunguka hayakunisemesha.

Siku iliyofuata nikaenda kwa Bibi asubuhi, wakati anakunywa chai, maana asubuhi ndiyo soko zuri.

"Bibi, tukubaliane."

"Lete bei, mke mwenzangu."

"Tuachie tumalize. Zimebaki kurasa chache tu."

"Hiyo siyo bei. Hayo ni maombi."

"Nitakukanda miguu kila siku."

"Miguu unanikanda sasa, bure. Nianze kulipia?"

"Nitakusagia ugoro."

"Utapiga chafya, utaumwaga."

Nikaona mali zangu hazitakiwi. Mtu akikataa bidhaa zote, usishushe bei, badilisha biashara. Nikamwambia, "Basi usikie wewe kwanza. Peke yako. Wewe ni kungwi, unajua cha kusema na kisichosemwa. Dada akusomee mwisho, halafu wewe ndiye utakayeamua mimi nisikie lini."

Bibi akashusha kikombe. Akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza nadhani kama mtu na si kama mjukuu. "Niamue mimi?"

"Uamue wewe."

"Tumekubaliana."

Nikaondoka nimejaa fahari. Sikujua nimeuza kwa hasara. Mimi kichwani nilikuwa nimeweka leo au kesho, lakini sikutaja siku, na mfanyabiashara asiyetaja siku kagawa bure.

Walijifungia chumbani kwa Bibi baada ya adhuhuri. Nilikaa ukutani kwa nje, nimetega sikio, kama yule mvulana mbele ya mlango wake. Nilisikia sauti ya dada Rukia kidogo. Nikasikia Bibi anauliza kitu. Kisha Bibi akacheka. Si kicheko cha utani. Kile kirefu, cha tumboni, mpaka kikageuka kikohozi. Kisha kimya, kirefu kuliko nilivyotarajia, halafu mlango ukafunguka.

"Umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia."

"Yule mama, watamfuata?"

"Yule mwache. Hajatoa siri ya mtu."

Moyo ukatua upande mmoja. "Na mimi nisikie lini?"

"Zamu yako ikifika."

"Bibi! Nyuma ya mlango kuna nini?"

Akafunga kikopo chake cha ugoro taratibu. "Mlango upo," akasema, akaenda zake uani.

Dada Rukia naye hakufaa kitu. "Nimeapishwa," alisema, akakunja nguo zake. Nilimpa maneno matamu, nikampa korosho nzima nzima zisizovunjika, ambazo Mama alikuwa akizihesabu kwa macho. Akala zote. Hakusema. Shule zikafunguliwa, akaondoka na kitabu, na yule mama akaondoka akitabasamu kwa upande mmoja.

Dadi akarudi kutoka jandoni. Akarudi na kanzu, na jina la Shabani, na mwendo mpya. Nilimngoja mpaka wageni walipopungua.

"Huko mlikuwa na kisima?"

"Wanawake hawaulizi."

"Na mlango je?"

"Mlango gani?"

Nikamtazama usoni, nikaona hanifichi. Kitabu kilikuwa kimemtoka kabisa. Alikuwa na yake sasa, hakuhitaji ya mtu wa pichani. Nilijisikia kama niliyebaki juu ya kisima peke yangu.

Zamu yangu ilifika likizo ndefu ya mwaka uliofuata, kijijini, pamoja na wari wenzangu. Ya unyago siyasemi, na msomaji wa huku hatanilazimisha. Nitasema hili moja kwa kuwa linanihusu mimi na Bibi. Siku moja kabla hatujatolewa, alasiri, Bibi aliingia akakaa katikati yetu, akavuta ugoro, akasema kwa Kimakonde, "Kulikuwa na mtoto mmoja ameshika kitasa." Wenzangu walisikia ngano. Mimi nywele zilinisimama. Aliendelea kutoka pale pale tulipofungia, kwenye mkono wa mvulana, hakurudi nyuma hata neno moja. Palikuwa na wimbo katikati, na sisi tuliitikia. Tulicheka, halafu pakafika mahali tukaacha kucheka. Mlango ukafunguliwa, na tukaambiwa kilichokuwa kinapumua.

Nikatoka unyagoni nimelipwa. Deni limekwisha, nikasema. Mwisho wa kitabu ninao.

Nimeishi na mwisho ule miaka mingi. Nimeolewa nao, nimezaa nao, nimeanzisha nao biashara ya vitenge. Kuna siku mbaya nilizoukumbuka ule wimbo nikasimama. Na mara nyingi nilimshangaa yule mama wa Uingereza: alijuaje? Alikuwa na bibi wa namna gani? Bibi yangu alipofariki nilimlilia, na kati ya machozi nikafikiria kwamba sasa mtu anayejua mwisho ule ulikotoka amebaki yeye tu, huko kwao kwenye ngazi zake.

Mwaka huu nilikuwa kwa muuza vitabu vya mtumba pale sokoni, natafuta vya kiada vya binti yangu Zuhura, nikaiona ile picha. Nikajizuia nisishtuke, maana ukishtuka bei inapanda. Nikakishika kwa vidole viwili, nikamwambia muuzaji jalada limekunjamana. Akasema ndani ni kizima. Nikasema ndani atasoma nani. Tukaelewana.

Sikusubiri kufika nyumbani. Nilisoma sura ya mwisho dukani kwangu, nimekaa juu ya marobota ya vitenge. Kiingereza changu sasa kinajua kuomba na kukataa. Mvulana anafungua mlango. Kuna mnyama mkubwa mwenye mabawa. Anampiga kwa fimbo, mnyama anakufa, kengele inalia, wote wanakwenda kula. Mwisho.

Nikarudia. Nikahesabu kurasa mara mbili nikidhani zimechanika. Zilikuwa zote. Wimbo hakuna. Yale aliyotusimulia Bibi hayakuwepo, hata kivuli chake.

Nikampigia dada Rukia, ambaye siku hizi ni muuguzi Masasi.

"Dada, siku ile ulimsomea Bibi nini?"

"Siku ipi?"

"Ya kitabu. Mlijifungia chumbani."

Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Mwisho sikumsomea."

"Ulimsomea nini sasa?"

"Alitaka habari za yule mama. Nyuma pale wameandika kwamba hadithi alianza kuwasimulia wanawe jikoni, mvua ikinyesha, wasitoke nje. Bibi akaniuliza, 'Hiyo shule aliiona?' Nikamwambia hapana Bibi, katunga. Akacheka! 'Ametunga? Yote? Kisima na yote?' Nikamwambia yote. 'Basi hajatoa siri ya mtu. Kumbe ni fundi tu.' Nikafungua mwisho nimsomee, akaweka kiganja juu ya ukurasa. 'Usiniharibie,' akasema. Tukakaa pale kimya, yeye anafikiri, mimi nimelala usingizi. Aliponiamsha akaniapisha."

"Miaka yote hii hukuniambia!"

"Niliapa, mdogo wangu. Sasa yeye hayupo, na wewe umesoma mwenyewe. Mwisho unaujua, si ndiyo?"

Nilimwambia ninaijua miwili.

Zuhura ana umri niliokuwa nao mimi wakati ule, na Kiingereza chake hakina kufuli. Kitabu alikimaliza upesi akasema ni kizuri, ila mwisho wake mwepesi. Kwa mshangao wangu nikajikuta namtetea yule mama. Nikasema aliwasimulia watoto jikoni, lazima wote waende kula. Halafu, kwa kutojua kunyamaza, nikaongeza kwamba kuna mwisho mwingine.

Tulikuwa uani, tunabangua korosho za kula wenyewe. Jiwe lake likasimama.

"Upi?"

"Wa bibi yangu."

"Niambie."

"Zamu yako ikifika."

"Lini?"

Nikaendelea kubangua. Siku hizi unyago umefupishwa, wengine wanaumalizia wikiendi moja, na nyumba nyingi mjini hawaufanyi kabisa. Makungwi wa kiwango cha Bibi sijui nitawatoa wapi. Ikiwa hakuna wa kuingia na kukaa katikati ya wari, itabidi niwe mimi, na sina hakika kama ule wimbo ninaushika wote. Hapo hapo niliuimba kimoyomoyo mara mbili. Upo.

"Mama, nitabangua fungu lako," Zuhura akasema.

"Fungu langu nabangua mwenyewe."

"Mwezi mzima."

"Ongeza."

"Na vyombo."

Bei nzuri, na ametaja muda. Huyu hatapunjwa kama mimi. Lakini kuna mali ambayo mtu haishushi bei. Nikatikisa kichwa. Akanuna, akarudi kwenye jiwe, akabangua moja, akabangua ya pili, moshi unatuzunguka wote wawili machozi yanatutoka.

"Sema tu kama mlango unafunguka," akasema.

Nikapuliza majivu kwenye vidole vyangu.

"Mlango upo," nikamwambia.